Maswali ya Wasomaji: Kitabu Mkekani, Kinyonga Uani

Barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu, nyingi zikitoka Moshi na Arusha, zimehusu jambo moja. Wazazi wanataka watoto wao wajali miti, maji na viumbe, wanataka pia wapende vitabu, na wanashangaa kwa nini mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja hugeuka kuwa kazi ya kuchosha. Nimechagua barua tano. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Majengo, Moshi. Kijana wangu wa miaka minane akimaliza juisi hutupa chupa mtaroni mbele ya macho yangu bila wasiwasi wowote. Nilinunua kitabu kinachofundisha utunzaji wa mazingira nikaanza kumsomea kila jioni, lakini ukurasa wa pili tu anapiga miayo, na mdogo wake wa kike wa miaka mitano anakimbilia jikoni kwa shangazi yake. Nifanyeje? – Mama wa Wawili, Majengo*

Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kumtetea kijana: huenda tatizo ni kitabu. Vipo vitabu vingi vya watoto kuhusu mazingira ambavyo, ukiondoa picha, vinabaki kuwa tangazo la serikali ya mtaa: usikate miti, usichome taka, usitupe uchafu ovyo. Mtoto wa miaka minane amekwisha kuyasikia hayo mstarini asubuhi, ameyaimba, ameyaandika kwenye mtihani na kupata vema. Ukimletea tena usiku, wakati ambapo amechoka na anachotaka ni kukaa karibu na mama yake, atapiga miayo kama wewe na mimi tunavyopiga miayo katika kikao ambacho ajenda zake tunazijua zote.

Hadithi ni kitu kingine. Katika hadithi kuna mwenye njaa, kuna mwenye hila, kuna aliyepotea njia, na msikilizaji anataka kujua yatakayompata. Ikiwa msitu ndimo sungura anamojificha, mtoto ataujali msitu ule kwa ajili ya sungura, bila kuambiwa na mtu. Kwa hiyo utakapokwenda kununua au kuazima kitabu kingine, simama palepale dukani usome kurasa tatu za mwanzo, kisha ujiulize kama wewe mwenyewe unataka kujua ukurasa wa nne una nini. Kama hutaki, kirudishe rafuni, hata kama jalada lake lina mti wa kijani na watoto wanaotabasamu.

Kosa lako nimelifanya na mimi, tena baada ya kufundisha darasa la pili kwa miaka mingi. Jioni moja nilikuwa nikimsomea mjukuu wangu hadithi ya chura aliyekuwa akitafuta pa kuishi baada ya dimbwi lake kukauka. Alikuwa amejikunyata ubavuni mwangu, kidole kimetua juu ya picha ya chura, ametulia tuli. Nami, badala ya kufungua ukurasa, nikasema: "Unaona? Ndiyo maana huwa nakwambia usiache bomba linatiririka." Kidole kikaondoka kwenye picha. Akaniuliza kama anaweza kwenda kulala. Kitabu kile hakutaka kukisikia tena kwa wiki nzima, na nilistahili.

Funzo langu lilikuja miezi michache baadaye, na wala sikulipanga. Uani kwetu kuna uzio wa michongoma, na mjukuu huyohuyo alimwona kinyonga pale, akaokota jiwe. Wengi wetu tumelelewa tukimwogopa kinyonga, tukiambiwa ana sumu au ana mkosi, ilhali sumu hana na chakula chake ni wadudu, wakiwemo nzi wanaotusumbua jikoni. Sikumgombeza. Nilimwomba aweke jiwe chini kwa dakika moja tu ayaangalie yale macho, kwa sababu kila jicho la kinyonga huzunguka kivyake, moja likatazama mbele na jingine nyuma kwa wakati uleule. Tukachuchumaa. Nzi akatua kwenye jani. Kinyonga akasogea kwa mwendo wake ule wa kuyumbayumba, akasimama, ulimi ukatoka na kurudi, na kabla hatujatambua kilichotokea nzi hakuwepo. Mjukuu akaangua kicheko, akataka kinyonga arudie.

Usiku huo ndiye aliyeomba kusomewa, na alitaka kitabu chenye kinyonga. Tulikuwa nacho kimoja cha picha za wanyama, tukasoma kwamba ulimi wa kinyonga unaweza kuwa mrefu kuliko mwili wake, na kwamba habadili rangi kwa ajili ya kujificha tu, bali pia akikasirika, akisikia baridi au akitaka kumvutia mwenzake. Nikamwongezea jambo ambalo kitabuni halikuwemo: mwaka 2006 wanasayansi walilipatia kundi zima la vinyonga wa huku kwetu jina la Kinyongia, wakiazima neno letu la Kiswahili, na mmoja wa kundi hilo, ambaye dume lake lina pembe mbili puani, anaishi hapahapa Kilimanjaro. Tangu hapo watoto wa jirani hawawezi kurusha jiwe kwenye uzio ule bila kusomewa mashtaka.

Basi mwanangu, ningekuwa wewe ningeanzia na kiumbe au mti ambao watoto wanaufahamu tayari: mgomba, kunguru, mijusi ya ukutani, siafu. Soma kwa dakika 15 tu baada ya chakula cha usiku, mkekani, televisheni ikiwa imezimwa, na badili sauti kwa kila mhusika hata kama shangazi mtu atacheka jikoni. Kabla ya kufungua ukurasa, nyamaza kidogo uwaache wabashiri kitakachotokea. Wakikosea, usiwasahihishe, maana kitabu kitawasahihisha chenyewe. Wakitaka kitabu kilekile kwa usiku wa saba mfululizo, soma, hata kama wewe umechoka nacho, kwa sababu mtoto hurudia hadithi kama tunavyorudia wimbo tuupendao. Binti wa miaka mitano mpe kazi ya mikono: yeye ndiye mfungua kurasa, na ndiye mlia wa sauti za ndege na vyura. Ukimaliza, usimuulize mtu yeyote "tumejifunza nini?" Swali hilo liache liishi shuleni.

Kuhusu chupa ya mtaroni, hilo ni suala la nidhamu ya nyumba, nakushauri usilichanganye na kitabu. Tundika gunia nyuma ya mlango wa jikoni, chupa zote za plastiki ziingie humo, na likijaa mwite mmoja wa wale wanaonunua chupa kwa kilo wanaopita mitaani. Fedha haitakuwa nyingi. Ihesabu kijana mwenyewe, aiweke kwenye kopo, na ikifika bei ya kitabu mwende naye akachague kitabu anachokitaka yeye. Akichagua cha mpira wa miguu, kubali kwa moyo mmoja.

*Mwalimu, mimi ni dereva wa watalii, nakaa Njiro, Arusha. Watoto wangu wanasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wana vitabu vizuri, wanajua habari zote za dubu wa barafu, lakini juzi niliwauliza jina la ndege aliyekuwa juu ya mparachichi wetu wakanitazama tu. Niwasomee kwa lugha ipi? Na msimu wa wageni ukianza naweza kuwa porini wiki mbili bila kurudi nyumbani. – Baba wa Barabarani, Njiro*

Ndugu yangu, dubu wa barafu ni mnyama mzuri na hana kosa, lakini yuko mbali mno na mparachichi wako. Mtoto anayeyajua mazingira kama kitu cha nchi za watu hawezi kulaumiwa akidhani kuyatunza nako ni kazi ya watu wa huko.

Lugha zote mbili ziingie mkekani. Kitabu cha Kiingereza kifungue kama kilivyo, lakini simulia kwa Kiswahili ukifuata picha, na kila kiumbe kinachotokea kipe jina lake la kwetu. Mtoto anayesema "flamingo" aambiwe ni heroe, kisha aambiwe kwamba hahitaji kupanda ndege ili amwone, kwa sababu maziwa ya Momella katika Hifadhi ya Taifa Arusha huwa na heroe, na safari ya kwenda huko kutoka mjini mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Katika msitu wa hifadhi hiyo kuna mbega weusi kwa weupe, wanaoruka kutoka tawi hadi tawi mikia yao ikipepea kama vitambaa. Na kama wanao wamechoka na dubu, waulize ni kiumbe gani wa Mlima Meru ambaye dume lake lina pembe tatu kichwani na jike lake huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Jibu ni kinyonga, ndugu wa yule wa kwenye uzio wangu, ingawa huyu wa Meru hayumo katika kundi la Kinyongia.

Umeandika kuhusu kazi yako kana kwamba ni kikwazo. Mimi naona una hazina ambayo wazazi wengi wangeitamani. Unapolala kambini, chukua simu urekodi ujumbe wa sauti wa dakika tatu: ulichokiona leo, kilivyokuwa kikitembea, kilivyokuwa kikinuka, jinsi mgeni alivyoshtuka. Simulia kwa mtindo wetu, uanze na "Hadithi, hadithi!" na uache nafasi ya kimya ili watoto, wakiwa Njiro, waitikie "Hadithi njoo!" Ishia mahali pabaya, pale simba anapoinua kichwa, uwaambie kesho utaendelea. Mama yao awasikilizishe baada ya kuwasomea, kisha wachore walichokisikia. Ukirudi nyumbani utakuta picha, na baadhi ya simba hao watakuwa na miguu sita. Usiisahihishe.

Na yule ndege wa kwenye mparachichi? Hukuniambia alikuwa wa namna gani, na nashuku hata wewe hukumjua. Mtafuteni pamoja. Mtoto anafurahi sana kugundua kwamba baba naye hajui, na kwamba mtu mzima asiyejua hufungua kitabu.

*Habari za kazi, Mwalimu. Unashauri vitabu, lakini sisi wa Pasua tunahesabu unga kwanza. Kitabu kimoja cha picha ni fedha ya mboga ya siku mbili. – Msomaji wa Pasua, Moshi*

Salama, dada, na umesema kweli. Anzia Maktaba ya Mkoa, ambayo Moshi ipo na Arusha ipo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania; uliza sehemu ya watoto na utaratibu wa uanachama. Kama kuna simu moja yenye intaneti nyumbani au kwa jirani, upo mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, ambao umeweka hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na hadithi hizo husomwa na kuchapwa bila malipo.

Ila kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kujitengenezea. Chukua kalenda ya mwaka uliopita, geuza karatasi zake upande mweupe, zikunje katikati, zishone kwa sindano na uzi wa gunia. Watoto waokote majani: la mwembe, la mgomba lililochanika, la mparachichi, ua la mjakaranda lililoanguka barabarani kama ni mwezi wa Oktoba. Yalazwe chini ya godoro kati ya magazeti kwa siku saba, kisha yabandikwe kwa gundi ya unga wa ngano, jani moja ukurasa mmoja. Chini ya kila jani mtoto aandike jina la mti, mahali alipoliokota, na jambo moja ambalo mti huo ulilishuhudia. Hilo la mwisho ndilo tamu. Mtoto mmoja wa darasa langu aliandika chini ya jani la mwembe: "Mti huu ulimwona mama akilia, halafu ukamdondoshea embe."

*Mwalimu, unatuambia tucheke na watoto ilhali barafu ya Kilimanjaro inaisha. Mimi wanangu huwasomea ukweli mtupu: barafu ikiisha mito itakauka na sisi sote tutakufa kwa kiu. Sasa binti yangu wa miaka tisa analia usiku, na mume wangu anasema nimezidisha. Je, tuwafiche? – Mama Mkweli, Soweto, Moshi*

Tusiwafiche, mama, na hapo niko upande wako. Lakini nataka tuuweke ukweli wenyewe sawasawa, kwa sababu huo unaomsomea binti una kasoro, na kasoro hiyo ndiyo inayomliza.

Barafu inaisha kweli. Watafiti waliolinganisha vipimo waliona kwamba katika barafu iliyokuwa juu ya mlima mwaka 1912, takriban asilimia 85 ilikuwa imetoweka ifikapo mwaka 2007, na anayekaa Moshi hahitaji kipimo, anatosha kuamka asubuhi yenye anga safi akaitazama Kibo pamoja na mzee aliyeitazama miaka 50 iliyopita. Lakini maji tunayokunywa na mito inayoshuka kwetu haitegemei barafu hiyo kwa kiasi kikubwa. Inategemea msitu. Ule mkanda wa msitu uliouzunguka mlima hupokea mvua nyingi kuliko sehemu nyingine zote za mlima, na hata siku isiyo na mvua miti yake, iliyofunikwa na kuvumwani na ndevu za majani madogo, hunasa ukungu unaopita, ukageuka matone, matone yakadondoka kwenye udongo ulio kama sifongo, na maji hayo baadaye hutokea chini kwenye chemchemi. Msitu ukichomwa moto au kukatwa, hapo ndipo mito inapoguswa.

Tofauti ya hadithi hizo mbili kwa mtoto wa miaka tisa ni kubwa mno. Barafu iko juu ya mita 5,000, na binti yako hawezi kufanya lolote juu yake, kwa hiyo kilichobaki kwake ni kulia. Mti yeye anaweza kuupanda. Masika inapoanza anaweza kuchimba shimo, akatia mbolea ya ng'ombe, akauzungushia miche yake miba ili mbuzi wasiifikie, na siku ya taifa ya kupanda miti ikifika, akawa na mche wake mwenyewe wa kuonesha.

Msomee pia habari za watu. Mweleze kuhusu Wangari Maathai, aliyezaliwa Kenya mwaka 1940, ambaye mwaka 1977 alianzisha harakati za wanawake wa vijijini za kupanda miti na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini usianze na tuzo. Anza na jambo alilolisimulia mwenyewe siku ya kuipokea: alipokuwa mtoto alikuwa akitumwa maji kwenye kijito karibu na kwao, akicheza chini ya majani ya magimbi, na mle majini aliona nyuzi za mayai ya vyura akadhani ni shanga, akawa anajaribu kuzivua azivae, na kila akizigusa zinakatika. Baadaye akawa anawaona viluwiluwi weusi wakijaa kwenye maji yale safi. Mtoto wa kike wa miaka tisa akisikia habari ya shanga zisizovalika hatalala akiwaza kiu. Atataka kwenda mtoni kesho asubuhi.

Kuna mchezo mmoja ninaoupenda kwa umri wake. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba katika bonde moja la Kilimanjaro umepatikana mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika, wa jamii ya mahogani, urefu wake mita 81 na nusu. Namba hiyo mtoto hawezi kuiona. Chukueni kamba ya kuanikia nguo, mpime mita 10, mtoke kwenye barabara ya mtaani jioni magari yakipungua, mmoja ashike ncha hii, mwingine ncha ile, mwilaze kamba chini mara nane mfululizo mkiweka jiwe kila inapoishia, halafu mwongeze hatua mbili ndogo. Binti asimame pale kamba ilipoanzia, baba yake akasimame pale hatua zile mbili zilipoishia. Kisha mwambie kwamba huo ni mti mmoja, umesimama, na uko palepale kwenye mlima anaouona kutoka dirishani. Watoto wangu wa darasa la tatu walinyamaza kabisa walipofika jiwe la tano, na darasa lile halikuwa la kunyamaza.

Habari nzito msome mchana, mama, mkiwa mnamenya ndizi pamoja, ambapo anaweza kuuliza maswali yote na mkono wake una kazi. Usiku ni wa sungura na fisi.

*Mimi ni bibi wa Kibosho. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, kwa sababu mimi kusoma sikubahatika. Wajukuu wanakuja likizo ya mwezi wa 6 na mama yao ametuma begi la vitabu, ameagiza niwasomee mambo ya mazingira. Nitawasomeaje?*

Shikamoo, bibi. Begi la vitabu lipokee, wala usione haya hata kidogo. Wao ndio watakaokusomea wewe. Kaa kwenye kigoda chako, mmoja afungue kitabu, asome kwa sauti, na wewe mkatize kila anapofika mahali unapopajua. Nina hakika utamkatiza mara nyingi, kwa sababu mambo wanayoyaandika siku hizi kuhusu kupanda mazao na miti pamoja kwenye shamba moja, wewe umeyaona kihambani kwako, shambani pale nyumbani, tangu ukiwa msichana: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na magimbi kandokando ya maji.

Wakifika kwenye ukurasa wa maji, funga kitabu uwachukue mkaufuate mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga. Waoneshe ulikochepushwa kutoka mtoni, mahali ambapo wazee waliuchimba kwa jembe la mkono na kuupitisha kwenye ukingo wa bonde bila kifaa chochote cha kupimia zaidi ya maji yenyewe. Waambie jinsi zamu za maji zilivyogawanywa, nani aliyekuwa akifungua alfajiri, na kilichompata mtu aliyeiba zamu ya mwenzake. Hapo, bibi, usiwe na haraka, maana visa vya wezi wa maji najua unavyo, na watoto wa mjini wanapenda sana visa vya wezi. Kama mfongo wenu umekauka au umegeuka njia ya taka, wapelekeni hivyohivyo. Waache waulize wenyewe.

Waoneshe na masale, ile mimea iliyo mpakani mwa kihamba. Kwa mtoto wa Dar es Salaam yale ni maua ya kupamba nyumba, hajui kwamba jani lake moja likipelekwa kwa mtu uliyemkosea, mtu huyo huona vigumu kukataa kukusamehe. Mtoto akijua hilo hataling'oa.

Usiku umeme ukikatika, na Kibosho hukatika, ndipo zamu yako kamili. Tega vitendawili. "Ajenga ingawa hana mikono," ni ndege. "Kuku wangu katagia miibani," ni nanasi. Wakishindwa, wakupe mji kama ilivyo desturi, na wewe uende kwenye mji huo ukale unachotaka kabla ya kuwapa jibu. Wasimulie pia habari za mifuko ya rambo. Wale wadogo waliozaliwa baada ya tarehe 1 Juni 2019, ilipopigwa marufuku, hawajui jinsi michongoma ilivyokuwa ikichanua mifuko ya buluu na myeusi baada ya kila siku ya gulio, wala jinsi ng'ombe wa mtu alivyokutwa nayo tumboni. Kwao hiyo ni hadithi ya zamani kama ya zimwi.

Na wewe mjukuu uliyeshika kalamu: mwandiko wako ni mzuri na bibi yako anakuamini. Nunua daftari la kurasa 96, ukae karibu yake jioni hizo, uandike kisa cha mwizi wa maji kama anavyokisimulia, hata maneno ya Kichaga usiyoyajua uyaandike kama unavyoyasikia na kuuliza maana yake kesho yake. Likizo ikiisha wale wa mjini watarudi na begi lao. Wape nakala waende nayo, na nyingine ututumie sisi.